Jino langu limeoshwa na Jik?

SWALI: Daktari habari ya kazi. Mimi niko Kondele, juzi nilifanyiwa ruti kanali, ile ya kusafishwa ndani ya mizizi, ya gego la chini, sasa yule daktari alikuwa anapiga maji fulani ndani ya jino kwa sindano, yananuka Jik kabisa ile ya kufulia, nikashtuka. Shemeji yangu wa Nakuru anasema yeye alioshwa na maji ya chumvi tu. Ama nimewekewa sumu? – Mama watatu, Kisumu

JIBU: Mama, pua yako haijakudanganya. Hiyo ni sodiamu haipokloraiti, dawa ile ile iliyo kwa Jik, lakini ya kliniki hupimwa nguvu, kuanzia asilimia 0.5 hadi 5 na kitu. Inaua vijidudu sawa, lakini kubwa zaidi ni kwamba inayeyusha nyama iliyokufa ndani ya mzizi, na hapo ndipo zile dawa zingine zote hushindwa, maana mizizi ya gego ina vichochoro kama soko la Kibuye na faili zetu, vile visindano vya kukwangua mzizi, hazifiki kila kona.

Maji ya chumvi husukuma tu uchafu utoke, hayaui kitu. Shemeji usimcheke lakini, pengine alitiwa na dawa nyingine hakujua. Kuna klorheksidini ya asilimia 2, haina hiyo harufu, inaua vizuri na inabaki imeshika kuta za jino ikiendelea na kazi, ila nyama haiyeyushi. Na ikikutana na haipokloraiti mle ndani inatoka tope la kahawia linalotia jino doa, kwa hivyo lazima uoshe katikati. Halafu mwishoni tunatia dawa inaitwa EDTA, ya asilimia 17, kama dakika moja hivi, iondoe ule unga wa jino ambao faili zimepaka ukutani.

Kuogopa haipokloraiti si ujinga. Ikisukumwa ikapita ncha ya mzizi, uchungu wake ni wa ghafla, hata na ganzi unaruka kwa kiti, uso unavimba hapo hapo. Ndio maana sindano inakuwa na tundu la pembeni na mkono unakuwa mpole, na jino tunalifunika na ile karatasi ya mpira ili dawa isimwagike mdomoni. Kama hukuvimba hivyo, hujawekewa sumu.

Ya nyumbani iache kwa nguo tu, usijaribu kusukutua nayo. Na kama bado hujawekewa kofia, ile ya kufunika jino lote, juu ya hilo gego rudi upesi, likipasuka tutaling'oa tu.