Kusini si CCM tangu jadi

Kaka, ukisema Mtwara na Lindi ni CCM tangu jadi na watu wake hawajali kura, unairuka 2015. Mwaka ule majimbo ya Mtwara Mjini, Tandahimba, Mchinga na Kilwa zote mbili, Kaskazini na Kusini, yalikwenda kwa wapinzani wa CUF, Ndanda ikachukuliwa na wapinzani wa CHADEMA. Hasira za 2013, watu walipopinga bomba la kupeleka gesi ya Mtwara Dar es Salaam, zilikuwa bado mbichi. 2020 CCM ikayarudisha yote, na ubishi wa ilivyoyarudisha tuuweke kando.

Kwenye mahudhurio ya wapiga kura, angalia kalenda kwanza. Uchaguzi mkuu ni Oktoba, na Oktoba ndiyo korosho zinaokotwa. Wengine wanahamia shambani kabisa, wanalala huko huko kulinda mali, na kura kwa kawaida unapiga pale ulipojiandikisha. Mama mwenye magunia mawili yanayosubiri kupimwa kwenye ghala la chama cha msingi, yaani ushirika wa wakulima, hayaachi hivihivi. Tena bei ya mnada wa korosho ndiyo siasa yenyewe huku, usidanganywe na mtu. Vyama vya siasa vinavyotaka kura hizo vihimize watu wahamishe taarifa zao daftari la wapiga kura linapoboreshwa, sio kuja na fulana wiki ya mwisho.