Maswali yenu kwa daktari: picha ya ubongo kwa mgonjwa wa PSP

SWALI: Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 67. Kwa muda sasa anaanguka, tena anaanguka kinyumenyume, na kushuka ngazi kunamshinda manake macho hayataki kuangalia chini. Alianzishiwa dawa za Parkinson hazikumsaidia kitu, sasa daktari wa ubongo anasema ni PSP, ugonjwa wa ubongo unaoharibu mwendo na macho. Ripoti ya kwanza ya MRI iliandikwa ubongo umesinyaa kidogo kwa sababu ya umri, lakini daktari mwingine kachukua picha zilezile akasema anaona alama ya ndege mvumaji. Tumwamini nani? (Binti mwenye wasiwasi)

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana kwa kuuguza. Hao wawili wala hawapingani, kila mmoja kaangalia kitu chake. PSP ni ugonjwa adimu, katika watu laki moja unakuta wagonjwa kama 5 hadi 7 tu, kwa hiyo msomaji wa picha anaweza kufanya kazi miaka mingi akakutana na wachache sana, na kama fomu aliyopelekewa imeandikwa "anaanguka" basi yeye anatafuta kiharusi, uvimbe au damu, asipoviona anaandika umesinyaa kidogo afu anaenda kwa mgonjwa mwingine.

Hiyo alama ya ndege mvumaji inaonekana kwenye picha moja maalum, ile iliyokata kichwa katikati kabisa toka paji la uso hadi kisogoni, unaitazama kwa ubavu. Angalia shina la ubongo. Sehemu ya juu inaitwa ubongo wa kati, na humo ndo kuna seli zinazoamuru macho yapande na kushuka. Chini yake kuna sehemu nene iliyotuna kwa mbele, inaitwa ponsi. Kwa mtu asiye na ugonjwa, juu ya ubongo wa kati pamenyooka au pametuna kidogo. Kwenye PSP protini inayoitwa tau inarundikana ndani ya seli, seli zinakufa, ubongo wa kati unanywea mpaka juu panabonyea, mbele panabaki pembamba na parefu, basi unaona kichwa kidogo chenye mdomo mrefu na ponsi ndo inakuwa tumbo la ndege. Wengine wanasema ni pengwini, ni kitu kilekile.

Na si lazima tubaki kwenye kubishana nani anaona ndege nani haoni, manake hilo eneo linapimika kwa rula ya kompyuta. Watafiti wa Japani walitoa vipimo mwaka 2005, kwa watu wasio na ugonjwa ubongo wa kati ulikuwa wastani wa milimita za mraba kama 118, wenye Parkinson 103, wenye PSP 56. Yaani karibu nusu imekwenda! Mwaka 2008 Waitalia wakaongeza hesabu nyingine, unachukua eneo la ponsi unagawanya kwa eneo la ubongo wa kati, afu unazidisha kwa uwiano wa unene wa nyuzi mbili zinazounganisha shina la ubongo na ubongo mdogo, ile ya kati na ile ya juu. Kwa PSP namba inapanda.

Kwa hiyo fanya hivi: omba CD ya picha uitunze wewe, na mwombe daktari aandike kwenye fomu maneno kamili, "anaanguka kinyumenyume, macho hayashuki, levodopa haijasaidia, naomba ubongo wa kati upimwe." (Levodopa ndo dawa ya Parkinson.) Hiyo sentensi inabadilisha ripoti. Ila mjue pia kwamba mwanzoni mwa ugonjwa picha inaweza kutoka safi kabisa na mtu akawa na PSP. Vigezo vya kimataifa vya mwaka 2017 vinaitegemea zaidi dalili, yaani kuanguka, macho, kukakamaa, tabia na usemi, picha inakuja kama shahidi wa kuunga mkono.

SWALI: Habari za kazi daktari. Mume wangu ana PSP mwaka wa pili huu. Tumeambiwa MRI irudiwe kila miezi sita ili tuone ugonjwa unaendaje. Hela inatutoka na yeye anateseka akilazwa mle ndani. Kuna ulazima?

JIBU: Nzuri dada yangu. Kwa maoni yangu hakuna, na nasema hivi nikijua daktari wenu ana nia njema.

Ubongo wa kati unapungua asilimia chache tu kwa mwaka. Asilimia chache za kitu kidogo kama kile, kwa miezi sita, jicho la binadamu haliwezi kuziona, na mkibadilisha mashine au hata jinsi kichwa kilivyolazwa, tofauti ya kupiga picha inaweza kuzidi tofauti ya ugonjwa. Kwenye utafiti wanaweza kwa sababu wanatumia mashine ileile, mipangilio ileile, afu programu inalaza picha mbili moja juu ya nyingine na kuhesabu ukingo umerudi nyuma kiasi gani, na hapo wana mamia ya wagonjwa wa kutafutia wastani. Ndo maana majaribio ya dawa yanapenda sana kipimo hiki. Dawa mbili za kuzuia tau, gosuranemab na tilavonemab, zilijaribiwa kwa wiki 52, na matokeo yaliyotoka 2021 yalionyesha wagonjwa hawakupungua kasi ya kuzorota. Iliuma, lakini kazi ya kupima inaendelea kusaidia majaribio yanayokuja.

Kwa mumeo mmoja, mwili wake unasema mapema kuliko picha. Kuna fomu ya PSP ya alama 100, daktari anaijaza pale pale chumbani bila mashine: anamezaje, macho yanaendaje, anainukaje kwenye kiti, anapokaa anakaa taratibu au anajidondosha. Kwa wastani alama zinapanda kama 10 kwa mwaka. Nyumbani wewe weka daftari, andika ameanguka lini na akiwa anafanya nini, amepaliwa mara ngapi na kwa chakula au kwa maji, uzito wake kila mwezi, maneno anayosema watu wanayaelewa au la. Nakusihi hilo la kupaliwa msilichukulie poa hata kidogo, manake nimonia inayotokana na chakula kuingia njia ya hewa ni kati ya vinavyowaua zaidi hawa wagonjwa, na mtaalamu wa kumeza anaweza kubadilisha namna ya kumlisha wiki hiyohiyo. Hela ya MRI ya pili ingeenda huko.

Picha irudiwe kama uchunguzi wenyewe una mashaka, au kama kabadilika ghafla. Na akiangukia kichwa afu akawa mzito au mwenye usingizi usio wa kawaida, hapo msisubiri, mpelekeni siku hiyohiyo apigwe CT, inawezekana damu inavuja.

SWALI: Dokta nasikia kuna kipimo cha PET kinachoonyesha tau yenyewe. Mama asipigwe hicho tumalize ubishi?

JIBU: Bado hakimalizi ubishi. Tau ya PSP ina umbo tofauti na ya Alzheimer. Dawa anayochomwa mgonjwa ili tau ing'ae kwenye picha ya PET, iliyokubaliwa Marekani mwaka 2020, flortaucipir, imekubaliwa kwa Alzheimer, kwenye PSP inashika kwa udhaifu na tena inang'aa sehemu za ndani za ubongo hata kwa watu wazima wa afya. Mpya zaidi kama PI-2620 zinaleta matumaini lakini ziko kwenye utafiti. Kile kipimo kingine cha dopamini, kemikali ya ubongo inayosaidia mwendo, kitaonyesha pengo kwa Parkinson na kwa PSP vilevile, hakitenganishi.

SWALI: Sisi watoto tupige MRI kujipima?

JIBU: Hapana. PSP karibu yote hairithiwi. Kama kwenye ukoo kuna zaidi ya mmoja mwenye dalili hizi, muone daktari wa vinasaba kwanza, MRI haitawajibu hilo swali.