Dogo anadribo vizuri ila haoni mtu? Fanya hivi mazoezini

Makocha wenzangu mnaofundisha madogo wa kikapu, tupunguzeni koni jamani. Koni haikabi mtu. Dogo anazipita zote, kulia, kushoto, katikati ya miguu, wazazi wanapiga makofi, halafu siku ya mechi akipokea mpira tu anaudunda mara moja bila kwenda popote, anaushika, washafika wawili kumbana kwenye kona na dribo hana tena, anaurusha juu popote pale. Mkono hauna shida, hakutazama tu kabla ya kudunda.

Mimi naanza na miguu. Apokee mpira atue miguu yote miwili kwa pamoja, magoti yamekunjwa, uso kwenye ringi. Akitua hivyo anachagua mguu wowote uwe pivoti, yaani mguu unaobaki chini huku anageuka na ule mwingine, akitangulia kutua na mmoja basi pivoti ni huohuo, na hii kitu wengi hawajaelezwa ndo maana wanaitiwa treveli, lile kosa la kutembea na mpira, kila saa. Akishasimama vizuri anaweza kushuti, kupasi au kudribo na anayemkaba hajui kinakuja kipi.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote ni tatu kwa tatu, nusu uwanja, marufuku kudribo. Dakika za mwanzo ni fujo tupu, wote wanamkimbilia mwenye mpira nipe nipe, wewe usiingilie. Baadae wanashtuka wenyewe kwamba ukimsogelea mwenye mpira unamletea na mkabaji wako, basi wanaanza kutawanyika, mmoja anakata kwenda ringini, mwingine anaijaza nafasi aliyoiacha. Hapo ndo waruhusu dribo moja, iwe ya kushambulia au kujinasua.

Katikati ya hilo zoezi napiga filimbi ghafla, wote wanaganda walipo, namwambia mmoja fumba macho, mkabaji wako yuko wapi? Nani yuko huru? Siku za mwanzo wanabahatisha huku wanacheka. Wakizoea kuulizwa wanaanza kugeuza shingo kabla mpira haujawafikia, na ndicho ninachokitafuta. Kocha anayepiga kelele "pasi! shuti!" mchezo mzima anawafundisha kusikiliza tu, sasa siku ukumbi una kelele watamsikia nani?

Difensi sina mengi, miguu isipishane na mikono isichape. Layapu, yaani kufunga ukiwa unakimbilia ringini, za mkono wa kushoto lazima, hata wakinuna.

Ila vifaa naomba nisisitize. Chini ya miaka 12 wape mpira namba 5, na ringi ikiwezekana ishushwe mita 2.60. Ukimpa mtoto mpira namba 7 na ringi ya mita 3.05 ataurusha toka kiunoni kwa nguvu zake zote, na huo mtindo kuja kuutoa ni kazi kwelikweli.

Mwisho wa mazoezi weka hali ya mechi. Mko nyuma pointi 1, zimebaki sekunde 14, mpira mnaingiza nyinyi, taimauti zimeisha. Wapangane wenyewe, we kaa kimya, na mara nyingi anayeongoza kikao sio mfungaji wenu bali ni kale kadogo ka benchi. Halafu geuza, sasa nyie ndo mnaongoza kwa 1 na mpira ni wenu, sekunde ni zilezile 14, yaani hata ile saa ya sekunde 24, inayoidai timu yenye mpira ishuti kabla hazijaisha, haiwadai shuti tena, utashangaa wangapi bado wanakimbilia kushuti.