Pasti ya ignaita: kwa wanaoanza kazi gereji

Gari la zamani lenye distributa (kifaa kinachogawa umeme wa cheche kwa kila plagi) linatoka Athi River bila shida, linaingia foleni ya Mombasa Road, injini inapata moto na gari linazima. Stata inazungusha lakini haliwaki. Likipoa nusu saa, linawaka kama kawaida. Anayeanza kazi hukimbilia pampu ya petroli. Usifungue tangi bado. Gari likiwa lingali moto na limekataa kuwaka, chomoa waya mmoja wa plagi, uchomeke plagi nzima, uibane kwenye chuma cha injini, mwenzako apige stata. Cheche ikikosekana saa hiyo na kurudi gari likipoa, washukiwa ni watatu: ignaita (swichi ya umeme wa cheche), koili (inayokuza umeme wa betri uweze kuruka kama cheche) na pikapu, yaani kihisio cha ndani ya distributa.

Tuzungumzie ignaita, kwa sababu wengi huifunga bila kupaka vizuri pasti ya kupitisha joto mgongoni mwake. Ndani yake kuna transista inayounganisha na kukata umeme wa koili. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, transista hiyo hukata umeme mara 6,000. Joto lake hutoka nje kwa mgongoni, kupitia bamba la chuma, hadi kwenye mwili wa distributa au kipande cha alumini ilipofungwa. Nyuso hizo mbili, hata zikionekana laini, zina vishimo vilivyojaa hewa. Hewa hupitisha joto kwa wati 0.026 hivi kwa mita kwa digrii, pasti nyeupe ya silikoni karibu 0.7 hadi 1, alumini zaidi ya 200. Kwa hiyo pasti ni bora sana kuliko hewa, lakini ni duni sana mbele ya chuma. Kazi yake ni kujaza vishimo tu. Ukiipaka nene umeivisha ignaita blanketi.

Ondoa waya wa hasi wa betri kwanza. Fungua ignaita, futa pasti kuukuu (mara nyingi imekauka ikawa unga mweupe) kwa kitambaa na spiriti hadi kitambaa kitoke safi. Weka ukingo wa rula juu ya chuma cha mgongo wa ignaita: ukiona mwanga chini yake, kimepinda. Tandaza msasa wa 400 juu ya kioo, ukisugue taratibu hadi kilingane, kisha futa vumbi lote. Weka tone dogo la pasti mpya, kama punje ya choroko, ulitandaze kwa kadi kuukuu mpaka rangi ya chuma ionekane kwa mbali chini ya weupe. Usiache pasti iingie kwenye matundu ya skrubu. Kwenye magari mengi ignaita hupata ethi (njia ya umeme kurudi kwenye betri) kupitia hizo skrubu, na ethi mbovu huleta cheche dhaifu hata pasti ikiwa sawa. Kaza skrubu kwa zamu, kidogo huku kidogo kule; ukimaliza moja kwanza, bamba huinama.

Pasti nyeupe ya kompyuta, ile inayouzwa Luthuli Avenue, Nairobi, inafaa. Yenye fedha au unga wa chuma iache, kwa sababu ikifika kwenye ncha zinapounganishwa nyaya inaweza kuleta shoti. Silikoni ya gasketi si pasti hata kidogo: inazuia joto. Grisi ya beringi nayo huyeyuka ikatiririka.

Ignaita mpya ikiungua tena upesi, pima koili kwa mita kabla ya kununua nyingine. Ohmu za praimari (waya wa koili unaopokea umeme wa betri) zikiwa chini ya zilizoandikwa kwenye kitabu cha gari hilo, koili inavuta umeme mwingi kupita kiasi, na hakuna pasti itakayookoa transista.

Magari ya sasa yenye koili moja juu ya kila plagi hayahitaji pasti hii. Kwenye mpira wa koili hizo hupakwa grisi ya silikoni isiyopitisha umeme, utando mwembamba kwa ndani, ili mpira usigande kwenye plagi na maji yasiingie. Mafundi huchanganya vitu hivi viwili kwa sababu vyote vinaweza kuwa vyeupe na huuzwa katika tyubu ndogo zinazofanana. Soma maandishi ya tyubu kabla ya kuibinya.