Nguzo ipo mita 60, kwa nini nisivute umeme kwa jirani?

SWALI: Mhandisi, habari za kazi. Nimenunua shamba la ekari tatu, bado ni pori, hakuna hata kibanda. Laini ya umeme imepita nje kidogo ya mpaka wangu, nguzo ya karibu iko kama mita 60. Ina nyaya tatu zilizokaa juu ya vikombe vikubwa vya kaure. Jirani mwenye umeme yuko mita 400 hivi. Nataka kuchimba kisima, niweke pampu, ndipo nianze ujenzi. Fundi wangu anasema kuomba umeme kwenye shamba tupu ni kujisumbua. Anashauri tuvute waya wa milimita 4 kutoka kwa jirani, tufunge mita ndogo ya kugawana bili, tuchimbie fimbo ya ethi upande wangu, basi. Alikwenda na kipimo chake kwa jirani akanionyesha volti 230 kamili. Nifuate ushauri wake?

JIBU: Hapana, ndugu yangu, usiufuate. Na naomba univumilie nikieleza kwa urefu, maana swali lako nimelijibu mara nyingi kuliko jingine lolote, na mara nyingi nalijibu baada ya mota kuungua.

Nianze na hiyo nguzo, nisikae sana hapo. Nyaya tatu juu ya vikombe vikubwa, bila waya wa nne, karibu kila mara ni laini ya msongo wa kati. Katika mifumo inayowapa wateja volti 230, laini za namna hiyo mara nyingi hubeba volti 11,000 au 33,000. Laini ya kuingiza umeme majumbani mara nyingi ina nyaya nne, au ina nyaya zenye ngozi nyeusi zilizosokotwa pamoja kama kamba. Kwa hiyo ulichonacho mita 60 kutoka mpakani ni barabara kuu isiyo na njia ya kuchepuka. Bila transfoma, yaani mtambo wa kushusha volti hizo, hupati chochote pale. Swali la kuuliza ofisi ya umeme si "nguzo iko umbali gani?" bali "transfoma iliyo karibu iko wapi, na ina nafasi?" Mtu anaweza kuwa chini kabisa ya laini na bado akawa mbali na umeme.

Sasa nije kwenye huo waya wa milimita 4, ambao ndio unaoniumiza kichwa.

Fundi wako amepima volti 230. Sina shaka amezipima. Na siku akishavuta waya wake mita 400 hadi kwako atapima tena, ataona 230 zile zile, atakuita uje uone kwa macho yako. Hapo ndipo watu wanapodanganyika, pengine na fundi mwenyewe akiwemo. Kipimo kile hakivuti mkondo wa maana, na waya usiopitisha mkondo haupotezi volti hata moja, uwe mwembamba kama uzi. Volti zinaanza kupotea pale mzigo unapowashwa. Kupima umeme bila mzigo ni sawa na kupima nguvu ya kamba ambayo haijafungwa kitu.

Tupige hesabu. Waya wa shaba wa milimita 4 za mraba una ukinzani wa omu 4.61 kwa kila kilomita. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo mita 400 ni mita 800 za waya, sawa na karibu omu 3.7. Mkondo wa ampea 10 tu unakula volti 37 njiani, unabaki na 193. Ampea 20 zinakula volti 74. Birika la wati 2,000 halitapata wati 2,000, litapata kama 1,540, na zaidi ya wati 200 zitakuwa zinapasha joto waya uliolala kwenye nyasi. Ukitaka ampea 32 zifike mita 400 na upotevu usizidi asilimia 5, unahitaji shaba ya milimita 50 za mraba. Linganisha na 4. Ndiyo maana mashirika ya umeme husafirisha umeme kwa msongo mkubwa hadi karibu na mteja ndipo yanashusha: nguvu ile ile inayohitaji ampea 20 kwenye volti 230 haifikishi hata nusu ampea kwenye volti 11,000.

Pampu ndiyo ya kwanza kuumia. Mota inapoanza kuzunguka huvuta mkondo mara tano hadi saba ya ule wa kawaida, na nguvu yake ya kuzungusha hupungua kwa kipeo cha pili cha volti. Niliwahi kuitwa kwenye shamba ambako pampu ya tatu ilikuwa imeshaungua, na mwenye shamba alikuwa amekwisha kugombana na muuzaji wa pampu. Nikaweka kipimo mwisho wa waya: volti 226. Nikamwambia awashe pampu ya akiba huku kipimo kikiwa pale pale. Ikashuka hadi 150. Mota ikanguruma bila kuzunguka, na ndani ya muda mfupi nikasikia ile harufu tamu-chungu ya vanishi ya waya wa mota ikianza kupanda. Nikazima. Kwa volti 150 mota ile ilikuwa na chini ya nusu ya nguvu zake za kuanzia. Pampu zote tatu zilikuwa nzima zilipotoka dukani. Tulifuata waya hadi kwa jirani tukakuta maungio sita, moja likiwa limefungwa kwa mfuko wa plastiki, shaba imesokotwa na alumini, pote pamekuwa unga mweupe.

Na kabla hujaambiwa "weka stabilaiza": stabilaiza haitengenezi nguvu. Ili kunyanyua volti 160 ziwe 220, inavuta mkondo mkubwa zaidi kutoka kwenye waya ule ule uliochoka, volti za kuingia zinashuka zaidi, nayo inazidi kuvuta. Stabilaiza inafaa pale ambapo tatizo ni laini ya shirika kupanda na kushuka. Waya wako mwenyewe ukiwa mwembamba, inaongeza ugonjwa.

Lakini pampu hununuliwa nyingine. Ninachotaka ukisome mara mbili ni hiki kinachofuata, kwa sababu vishoka, yaani mafundi wa mitaani wasio na idhini, hawakitaji kamwe, na sidhani wengi wao wanakijua.

Waya mrefu na mwembamba huificha shoti. Tuseme kwa jirani kuna breka, ile swichi inayojikata mkondo ukizidi, ya ampea 32, ya aina C. Ili breka hiyo ikate papo hapo inahitaji mkondo wa mara tano hadi kumi ya kiwango chake, yaani ampea 160 hadi 320. Sasa nyaya zako zigusane kule mwisho wa shamba. Volti 230 gawanya kwa omu 3.7, unapata ampea 62. Hata mara mbili ya kiwango cha breka haifiki. Breka haiwezi kutofautisha shoti hiyo na mtu aliyewasha vyombo vingi kwa pamoja, kwa hiyo inasubiri ipate joto, na inaweza kuchukua dakika nzima au zaidi. Muda wote huo waya wa milimita 4 unabeba ampea 62, karibu mara mbili ya unazostahili kubeba, ngozi yake inalainika, na kama umepita kwenye nyasi kavu au juu ya paa la makuti, moto hauhitaji dakika mbili.

Na fimbo ya ethi? Fimbo ni ya lazima, lakini si kinga kwa peke yake. Fimbo moja kwenye udongo mkavu kuwa na omu 50 ni jambo la kawaida. Waya wa laivu ukigusa bodi ya chuma ya pampu, mkondo unaokwenda ardhini ni 230 gawanya kwa 50: ampea 4.6. Breka ya 32 haitakata leo wala kesho. Bodi ya pampu itakaa na umeme hadi mtu aiguse akiwa amesimama kwenye tope. Anayeokoa hapo ni kifaa kinachokata umeme unaovuja, kile cha miliampea 30 chenye kitufe cha majaribio. Nimeona wiring nyingi za vishoka zenye fimbo nzuri iliyopigwa nyundo hadi chini, na hakuna kifaa hicho popote. Wameweka kile kinachoonekana.

Nisemeje kuhusu hoja kwamba shamba tupu haliombewi umeme? Linaombewa. Kinachotakiwa kwa kawaida ni mahali pa kufunga mita: kibanda kidogo cha kudumu, au nguzo ya mita yenye sanduku lisilopitisha maji, iliyokaguliwa. Utaratibu unatofautiana, kwa hiyo uliza ofisi inayohudumia eneo hilo kabla hujajenga hata hicho kibanda cha mita. Unapokwenda, usiseme "nataka umeme" ukanyamaza. Sema pampu ni ya kilowati ngapi, ni ya fezi moja au tatu, nyumba itakaa upande gani, kuna mashine gani mbeleni. Anayekuja kupima anachagua transfoma kwa hayo uliyomwambia. Ukitaja taa nne leo, kisha mwakani ukaleta mashine ya kusaga, utaanza upya.

Chagua pia mahali pa mita kwa akili. Mita ikae karibu na laini, na kutoka hapo hadi nyumbani ni kebo yako, iliyopigiwa hesabu ya umbali na mzigo na kuchimbiwa chini kwa kina kinachotakiwa. Laini ikilazimika kupita kwa mtu mwingine, pata ridhaa yake kwa maandishi mapema, maana maombi mengi hukwama kwenye mkuza wa laini, yaani njia ya kuipitisha kwenye ardhi za watu, kuliko kwenye malipo. Na kisima kisichimbwe chini ya ile laini ya nyaya tatu. Mtambo wa kuchimbia una mlingoti mrefu, na volti 33,000 hazihitaji kuguswa ili ziruke.

Maji ukiyataka kabla umeme haujafika, kuna pampu zinazoendeshwa moja kwa moja na paneli za sola: zinasukuma jua likiwepo, unajaza tangi. Kwa ujenzi, genereta ndogo ya kukodi inatosha. Hizo ni njia fupi halali, na nazipendekeza bila kusita.

Nimesema mengi kuliko ulivyouliza, kwa sababu najua hauko peke yako. Kila laini mpya inapofika kijijini, nyuma yake hufuata nyaya za kugawana: nyumba ya kwanza inampa ya pili, ya pili inampa ya tatu, nyaya zimetundikwa kwenye miembe na fito, na watoto wanacheza chini yake. Anayetoa umeme anadhani anasaidia, kumbe hitilafu ya mtu wa tatu inaunguza mita yake, na mara nyingi mkataba wake na shirika unamkataza kuuza umeme kwa mwingine. Mwambie jirani yako hili kwa upole. Huenda fundi huyo huyo alishamwambia ni kawaida.

Ukitaka kumpima fundi huyo bila kugombana naye, muulize swali moja: nyaya zikigusana kule kwenye pampu, breka ya kwa jirani itaona ampea ngapi, na itakata baada ya sekunde ngapi? Fundi aliyesomea kazi hii atatoa karatasi na kalamu, au atakuomba muda akapime. Akikujibu kwamba hajawahi kuona shida, mlipe nauli yake aende.