Poti kabla ya jino la kwanza

Mwanangu wa kwanza aliachana na nepi akiwa na miaka miwili na nusu, tena kwa vita. Wa pili nilianza kumkojoza kwenye beseni akiwa na miezi minne, hata jino hajaota, na waliosikia walidhani najisifu. Wala. Mtoto hakuwa anajua lolote. Aliyekuwa amejifunza kitu ni mimi.

Hapo ndipo wengi wanapochanganyikiwa. Mtoto wa umri huo hawezi kubana mkojo kwa kutaka kwake. Misuli ya kuzuia haja humtii polepole, na kwa watoto wengi ni kuanzia mwaka na nusu hivi. Mwaka 1962 daktari wa watoto wa Marekani, T. Berry Brazelton, aliwashauri wazazi wasubiri mpaka mtoto mwenyewe aoneshe kuwa yuko tayari. Sibishani naye. Mimi simfundishi mtoto kujizuia. Namvizia tu saa ambayo haja ingemtoka hata hivyo, nimshikilie pahali pa kuitolea.

Na saa hizo hazina siri. Akiamka, atakojoa muda si mrefu. Akinyonya, tumbo likipokea maziwa, utumbo mpana nao huamka na kuanza kusukuma, ndiyo maana choo cha watoto wengi huja katikati ya kunyonya au punde baadaye.

Asubuhi moja aliliachia titi, akalirudia, akaliachia tena. Mguu mmoja ukawa unapiga mateke. Kisha kimya, macho yameganda ukutani kama mtu aliyekumbuka deni. Nikamfungua nepi, nikamshika chini ya mapaja, mgongo wake umeegemea tumbo langu, magoti yamepanda juu ya makalio, beseni chini yake. Nikatoa kamluzi: "sssss." Tukakaa. Nikaanza kujiona mjinga. Halafu akakunja uso, akajamba, na kazi ikaisha pale pale. Hakuna kupangusa mpaka mgongoni, hakuna kubadilisha nguo zote. Anayejua nepi iliyovuja saa kumi na mbili asubuhi ataelewa furaha yangu.

Ule mluzi una utaratibu wake. Siku za mwanzo usiutumie kumwita haja. Utoe wakati tayari anakojoa, hata kama ni ndani ya nepi, ili sikio lizoee kuvihusisha viwili hivyo. Mimi nilianza kinyume, nikapiga miluzi wiki nzima kama mchunga mbuzi.

Wala usishinde unamfungua nepi kutwa. Mara moja kwa siku, ile ya akiamka, inatosha kabisa. Poti yenyewe isubiri mpaka akae imara bila kushikiliwa, na iwe fupi, nyayo zikanyage sakafu. Kama dakika tatu zimepita bila kitu, mwondoe. Usimwache peke yake juu yake hata kidogo. Binti mpanguse kutoka mbele kwenda nyuma.

Sasa kosa langu. Alipofika miezi kumi alijua kutambaa, na poti ikawa adui. Ukimkalisha anajipinda kama upinde. Mimi nilishaonja siku nne mfululizo bila nepi chafu, kwa hiyo nikaona huo ni ukaidi. Nikamshikilia. Nikaimba. Nikampa simu achezee, ndiyo, simu. Haikupita wiki akaanza kubana choo, na kilipokuja kutoka kilikuwa vikokoto, huku akilia machozi. Aliyeumia mara moja hubana tena, na choo kikikaa ndani maji yake yanaendelea kufyonzwa, kinazidi kuwa kigumu. Nilipompeleka kliniki, nesi aliniuliza anakula nini, anakunywa maji kiasi gani, kisha poti inakaa wapi. Nikamwambia sebuleni. "Mama, ifiche," akasema.

Niliisukuma chini ya kitanda kwa wiki tatu, tukarudi kwenye nepi bila kinyongo. Tulipoitoa tena sikumkalisha. Niliiweka tu pale anapochezea. Akaigeuza ngoma. Siku nyingine akamketisha mwanasesere. Alipokaa mwenyewe nilijifanya natazama dirishani.

Kama wako ananyonya maziwa ya mama tu na ameshavuka wiki sita, anaweza kukaa siku kadhaa bila choo na akawa mzima kabisa, alimradi kikija ni laini. Usimsumbue na beseni. Ukiona damu, tumbo limevimba au anatapika, hayo si ya poti, ni ya daktari.

Usiku nimeuachia nepi, na sina haraka. Kuamka kavu hakufundishwi kwa kumkalisha mtu gizani, na wapo watoto wengi tu wanaokojoa kitandani hata wakiwa na miaka minne, mitano. Baba yake naye alidai hana kipaji cha kusoma dalili, mpaka alipolowanishwa shati mara mbili siku moja. Kipaji kikaja.

Leo mtoto ana mwaka na miezi minne. Nepi za mchana tumepunguza sana, lakini hatujazimaliza. Jana alikuja jikoni ameivaa poti kichwani, ananipigia ule mluzi wangu, suruali imeshalowa mpaka magotini.