Wasomaji Wanauliza: Chama kidogo cha Serbia kilichoishi kwa orodha za wenzake

Katika toleo lililopita tulikitaja kwa mstari mmoja tu Liberali Srbije, chama cha kiliberali kilichomtoa waziri wa polisi wa Serbia kati ya 2001 na 2004 na ambacho leo hakipo. Mstari huo umezaa maswali mengi. Tunajibu yale yaliyorudiwa zaidi.

Chama hiki kilianzishwa lini, na nani? (Msomaji, Tanga)

Mwaka 1990, wakati Serbia ikiingia katika vyama vingi, kikiitwa Nova demokratija, maana yake Demokrasia Mpya. Kilichipuka kutoka umoja wa vijana wa kisoshalisti wa enzi ya chama kimoja, na ndiyo sababu tangu siku ya kwanza wapinzani wenzake walikitazama kwa jicho la pembeni. Kiongozi wake alikuwa Dušan Mihajlović, mwanasiasa wa Valjevo, mji wa magharibi mwa Serbia. Jina la Liberali Srbije lilikuja 2003, chama kikiwa kimebakiza uchaguzi mmoja tu wa kujitegemea. Kwa hiyo ukisoma habari za miaka ya 1990, tafuta jina la zamani.

Nimesoma kwamba wabunge sita wa chama hiki waliiokoa serikali ya Milošević. Sita wanawezaje kuokoa serikali? (Msomaji, Nairobi)

Uchaguzi wa tarehe 19 Desemba 1993 ulitoa matokeo haya katika bunge la viti 250: Wasoshalisti wa Slobodan Milošević, rais wa Serbia wakati huo, 123, muungano wa upinzani ulioitwa DEPOS 45, Radicals wa Vojislav Šešelj, wazalendo wa msimamo mkali, 39, chama cha Democrats 29, na viti 14 vilivyobaki vikagawanywa kwa vyama vitatu vidogo. Wingi wa bunge ni 126. Wasoshalisti walipungukiwa viti 3.

Hapo ndipo thamani ya chama kidogo inapopanda kupita kiasi. Nova demokratija kilikuwa ndani ya DEPOS pamoja na chama cha Vuk Drašković, ambacho ndicho kilikuwa nguzo ya muungano, na Civic Alliance ya Vesna Pešić, mwanasosholojia aliyejulikana kwa kupinga vita. Katika vile viti 45, Nova demokratija kilikuwa na 6. Kikahamia upande wa pili: 123 na 6 ni 129. Machi 1994 serikali ya waziri mkuu Mirko Marjanović ikaapishwa, na DEPOS haikuchukua muda ikasambaratika. Msomaji wa Tanzania angesema waliamua kuunga mkono juhudi, kauli ya wanaohamia chama tawala.

Utetezi wao haukuwa hewa tupu. Serbia ilikuwa chini ya vikwazo vya Umoja wa Mataifa na mfumuko wa bei wa Januari 1994 ulihesabiwa kwa mamia ya mamilioni ya asilimia kwa mwezi. Kulikuwa na noti ya dinari bilioni 500. Mpango wa mwanauchumi Dragoslav Avramović wa kuleta dinari mpya ulianza tarehe 24 Januari, na hoja ya kwamba nchi ilihitaji serikali haraka, badala ya uchaguzi mwingine, ilikuwa na uzito. Lakini wapiga kura wa DEPOS walipiga kura ili Milošević aondoke, na kura hizohizo zikamkamilishia wingi wa bunge. Kwa maoni yetu, sifa hiyo haikukitoka chama hiki hadi mwisho, hata kilipokuja kufanya mambo ya maana baadaye.

Kama walikuwa na thamani hiyo, mbona 1998 waliachwa nje? (Msomaji, Mombasa)

Hesabu ilibadilika. Mwaka 1997 Nova demokratija kiligombea kwenye orodha moja na Wasoshalisti na chama cha Mirjana Marković, mke wa Milošević. Orodha ilipata viti 110, na 5 kati ya hivyo vilikuwa vya Nova demokratija. Radicals walipata 82 na chama cha Drašković 45. Safari hii pengo lilikuwa la viti 16, na wabunge watano hawalizibi. Machi 1998 Milošević akawachukua Radicals wote 82. Ukitoa wale watano, bado serikali ilikuwa na wabunge 187. Hakuna aliyewahitaji tena.

Kwa nini vyama vidogo vya Serbia havigombei peke yake? Je, ni woga? (Msomaji, Arusha)

Si woga, ni hesabu. Tangu 1992 viti vinagawanywa kwa uwiano, kwa njia inayoitwa D'Hondt. Unachukua kura za kila orodha, unazigawanya kwa 1, kwa 2, kwa 3 na kuendelea, halafu unapanga matokeo yote kuanzia kubwa. Kama jimbo lina viti 5, matokeo 5 ya juu ndiyo yanayopata viti.

Tuchukue mfano wa kubuni. Jimbo lina viti 5. Orodha A ina kura 100,000, B ina 48,000, C ina 23,000. Matokeo matano ya juu ni 100,000 ya A, 50,000 ya A, 48,000 ya B, 33,333 ya A na 25,000 ya A. Basi A imepata viti 4, B kimoja, na C haina kitu, ingawa ilipigiwa kura na zaidi ya asilimia 13 ya watu. Sasa B na C waungane: kura 71,000. Matokeo matano ya juu yanakuwa 100,000 ya A, 71,000 ya muungano, 50,000 ya A, 35,500 ya muungano na 33,333 ya A. A imeshuka hadi 3, muungano una 2. Hakuna mpiga kura hata mmoja aliyebadili mawazo.

Mambo mawili zaidi ya kuangalia. Kwanza, kiwango cha chini cha kura, ambacho kilikuwa asilimia 5: orodha isiyokifikia hata hesabu ya kugawanya haiingii. Pili, ukubwa wa jimbo. Mwaka 1993 nchi ilikuwa na majimbo 9, wastani wa viti karibu 28 kila moja. Mwaka 1997 serikali iliyakata yakawa 29, wastani wa viti visivyofika 9. Kadiri viti vya jimbo vinavyopungua ndivyo wakubwa wanavyonufaika, na upinzani ulilalamika kwa sababu hiyo; sehemu yake, ikiwemo Civic Alliance, ilisusia uchaguzi. Tangu Desemba 2000 Serbia nzima ni jimbo moja la viti 250.

Tanzania mbunge akitoka chama chake anapoteza kiti. Serbia je? (Msomaji, Dodoma)

Angalia kwanza kwamba wale sita wa 1994 hawakutoka katika chama chao. Chama chenyewe ndicho kilichotoka katika muungano, na wabunge wakaendelea kuketi.

Baadaye sheria ya uchaguzi ya 2000 iliegemea upande wa vyama: mbunge aliyeacha chama au kufukuzwa alipoteza kiti. Mahakama ya Katiba ikavifuta vifungu hivyo mwaka 2003. Vyama vikatafuta njia nyingine, wagombea wakawa wanasaini barua za kujiuzulu zisizo na tarehe kabla ya kuapishwa, na barua zinakaa kwenye kabati la chama. Katiba ya 2006 hata ilimruhusu mbunge kukikabidhi chama kiti chake moja kwa moja. Sheria hiyo ya 2000 ilikuwa na jambo jingine la ajabu: baada ya matokeo, chama kiliweza kuchagua mtu yeyote kutoka orodha yake bila kufuata mpangilio. Wa 180 angeweza kuingia bungeni na wa 3 akabaki nyumbani. Desturi hizo zilikomeshwa 2011.

Ilikuwaje chama cha kiliberali kikapewa polisi? (Msomaji, Bujumbura)

Mwaka 2000 Nova demokratija kilijiunga na DOS, muungano wa vyama 18 uliomshinda Milošević. Katika uchaguzi wa Desemba mwaka huo DOS ilipata viti 176. Serikali ya waziri mkuu Zoran Đinđić wa Democrats ilipoundwa Januari 2001, Mihajlović akawa naibu waziri mkuu na waziri wa mambo ya ndani. Dhana yetu ni kwamba kiongozi wa chama kidogo anafaa wizara kama hiyo kwa sababu hatishi washirika wakubwa, ambao kila mmoja aliogopa polisi wasiangukie mikononi mwa mwenzake.

Kazi haikuwa ndogo. Milošević alikamatwa tarehe 1 Aprili 2001 na kupelekwa kwenye mahakama ya kimataifa ya uhalifu wa kivita ya The Hague Juni 28. Novemba mwaka huo kikosi maalumu cha polisi, maarufu kama Red Berets, kiliasi. Machi 12, 2003 Đinđić akauawa kwa risasi Belgrade. Hali ya hatari ilitangazwa na Nataša Mićić wa Civic Alliance, aliyekuwa spika na kaimu rais, na ikadumu hadi Aprili 22. Katika msako ulioitwa Sablja, yaani upanga, polisi waliwashika watu zaidi ya 11,000, na Red Berets wakavunjwa. Mtandao wa wauaji ulinaswa, lakini mashirika ya haki za binadamu yalilalamikia mateso kwa mahabusu. Kwa chama kinachojiita cha kiliberali, hiyo ni rekodi ngumu kuibeba jukwaani.

Basi kilianguka kwa sababu ya msako huo? (Msomaji, Zanzibar)

Msako ulichangia kidogo tu. Sababu kubwa ni kwamba tarehe 28 Desemba 2003 kiligombea chenyewe, DOS ikiwa imevunjika. Ili orodha ipokelewe zilitakiwa saini 10,000 za wapiga kura zilizothibitishwa, na hizo kilizipata. Kura zilizofuata zilikuwa kama 23,000 hivi, asilimia 0.6. Waliopiga kura walikuwa takriban milioni 3.8, kwa hiyo asilimia 5 ilikuwa karibu kura 190,000. Mwaka 2020 Serbia ilishusha kiwango hadi asilimia 3; hata hicho kisingewasaidia.

Miaka mingi ya kuingia bungeni kwa migongo ya wengine haikujenga matawi wala wapiga kura. Waliofurahia msako wa Sablja walimshukuru marehemu Đinđić na chama chake, waliouchukia walimlaumu waziri. Civic Alliance, kilichokuwa kidogo vilevile, kilichagua kupanda orodha ya Democrats katika uchaguzi huohuo na kikabaki bungeni. Mwaka 2007 kikajiunga na chama cha Liberal Democrats cha Čedomir Jovanović.

Kufutwa kwenyewe kulifanyika vipi? (Msomaji, Kampala)

Sheria ya zamani ilitaka waanzilishi 100 tu, na daftari likajaa vyama vya majina matupu. Sheria mpya ya vyama ya 2009 ikapandisha hadi saini 10,000 zilizothibitishwa, au 1,000 kwa chama cha jamii ya wachache. Vyama vyote vilivyokuwepo vilitakiwa kujisajili upya kufikia mwishoni mwa Januari 2010. Kisichojisajili kiliondolewa daftarini bila kesi. Ugumu uko kwenye uthibitisho: kila saini inapita mbele ya ofisa mwenye mamlaka, jambo linalodai ada, watu wa kuzunguka na ofisi za wilayani. Chama cha kura 23,000 zilizotapakaa nchi nzima, bila mbunge na bila ruzuku, kilikuwa kinatakiwa kupata karibu nusu ya wapiga kura wake wa mwisho waje kusaini. Liberali Srbije hakikurudi daftarini. Vyama vilivyobaki navyo havijapona moja kwa moja: usajili unahuishwa kila baada ya miaka 8.

Nachanganya majina. Waliberali wa Serbia ni wangapi? (Msomaji, Muscat)

Chama cha Liberal cha Jovan Ristić ni cha karne ya 19 na hakina uhusiano na hawa. Srpska liberalna stranka kilianzishwa 1991 na maprofesa Nikola Milošević na Kosta Čavoški, waliojitenga na Democrats. Kilitaka ufalme urudi, na huyo Milošević si yule rais. Liberal Democrats ni cha Jovanović, cha 2005. Na Liberali Srbije ndicho Nova demokratija cha Mihajlović.